Boliti za Kupeleka kwa Kaka

Baba alipofariki, mimi nilipewa pikipiki, kaka akapewa sanduku la vifaa. Kila mmoja akaona amedhulumiwa. Tukarushiana maneno ambayo ndugu hawaambiani, na tangu siku hiyo tunaishi katika ua mmoja, milango inatazamana, salamu hakuna.

Pikipiki yenyewe ni ya Kiingereza, ya zamani, na ina ukaidi kama wangu; nilikuwa nimeifungua yote niitengeneze. Boliti za injini zina thredi zake, yale meno yanayozunguka chuma, za fremu zina zake, na kwa macho zote ni mapacha. Ukikosea, nati inaingia mizunguko miwili kwa upole, halafu inakwama. Ukiilazimisha umeua vyote viwili. Kuzitofautisha kunataka kipimo, vile vibamba vyembamba vyenye meno unavyolaza juu ya boliti kisha unaangalia kama mwanga unapenya katikati. Kipimo hicho kilikuwa kwenye sanduku la kaka.

Nilijikaza kisabuni miezi mingi. Mwishowe nikameza kiburi, nusu yake tu, nikampa shemeji boliti moja pale bombani ampelekee mumewe. Jioni niliikuta kizingitini kwangu imevishwa nati, inazunguka kwa kidole mwanzo hadi mwisho.

Hayo ndiyo yakawa mazungumzo yetu. Nikapeleka ya taa, ya usukani, ya tangi, zikarudi na nati zake. Nilipoishiwa nisizozijua, nikaanza kupeleka ninazozijua. Nisisingizie ufundi: nilikuwa mpweke. Nyumba ilinielemea kwa ukimya, na kile chuma kizingitini ndicho kilikuwa mgeni wangu pekee.

Halafu zikaanza kuchelewa. Ya mwisho kabisa, iliyobaki ili pikipiki ikamilike, ilirudi na nati iliyokwama nusu njia, meno yamechubuka. Damu ikanipanda. Kaka hakosei thredi hata usingizini, nikajua amefanya makusudi! Nikavuka ua, nikagonga mlango kama mgambo.

Shemeji akafungua. "Pole pole, shemeji. Amelala."

Kaka alikuwa kitandani, mkono wa kulia umelala juu ya shuka kama si wake. Na mimi siku zote hizo nilidhani haonekani uani kwa sababu ananikwepa.

"Yuko hivi tangu lini?"

"Tangu ile boliti ya tangi. Mkono umekataa, macho nayo vitu vidogo hayaoni. Nati natafuta mimi, najaribisha moja moja mpaka iingie. Hiyo ya leo nimeilazimisha. Unisamehe."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Alinikataza. Alisema ukijua utaacha kuleta."

Nilikosa pa kuuweka uso wangu. Nikakaa ukingoni mwa kitanda, kitanda kikalia, kaka akafumbua macho. Hakuuliza nimefuata nini. Alinyoosha mkono wa kushoto, nami nikamwekea ile boliti kiganjani. Akapitisha ukucha wa kidole gumba juu ya meno yake, taratibu.

"Hii imekwisha, mdogo wangu," alisema, maneno yakimtoka kwa shida. "Kalete nyingine."

Nyingine sikuwa nayo. Zote zilikuwa zimekaa mahali pake, zimekazwa barabara. Nikarudi kwangu, nikachukua spana, nikaanza kuifungua pikipiki upya.