Badilisha Jiko la Zamani

Kosa lote lilianzia kwenye kitambaa. Kitambaa kilikuwa kifupi na maneno yalikuwa marefu.

Binti aliyeitwa Mheshimiwa alikuwa akijifunza kazi kwa fundi wa mabango, kona ya sokoni. Jina hilo alibandikwa na baba yake tangu utotoni, kwa sababu hata akitaka kupitishiwa chumvi mezani alianza kwa kutoa hoja. Sasa alikuwa msichana mkubwa, katibu wa kikundi cha vijana wa mtaa, na hoja nazo zilikuwa zimekua. Nyumba za halmashauri walimopanga zilikuwa karibu kukarabatiwa, na vijana walitaka ipitishwe sheria ndogo: kila nyumba itakayoguswa na fundi iwekewe nyaya za kubeba jiko la umeme na sola juu ya paa, na majiko ya mafuta ya taa yaondolewe kidogo kidogo. Diwani alikubali kuja Jumamosi kusikiliza wakazi. Ila alisema mapema kwamba wakazi wakikataa, hoja itaishia hapo hapo, maana yeye hawezi kugombana na wapiga kura kwa ajili ya sufuria.

Mheshimiwa alikuwa na hoja nyingi za kumwambia diwani, lakini ile iliyomkosesha usingizi hakuwahi kumwambia mtu. Mama yake alipikia jiko la mafuta ya taa, lile la tambi, katika kijumba cha jikoni chenye dirisha la kupitisha paka, tena paka mwembamba. Ukuta ulikuwa mweusi kwa masizi hadi darini. Mama alikohoa asubuhi akiliwasha, akakohoa jioni akilizima, na akiulizwa alisema ni vumbi. Binti alimwogopea sana.

Kikundi kilimpa maneno ya bango: tubadilishe jiko la zamani la mafuta ya taa, tutumie la umeme, tulinde afya za familia zetu. Fundi aliyatazama maneno, akatazama kitambaa, akaguna. Bango, alimkumbusha, halisomwi na mtu aliyekaa akinywa chai. Linasomwa na mtu anayekimbilia kazini. Punguza. Binti akapunguza. Fundi akaguna tena, binti akapunguza tena. Jioni bango likapanda juu ya lango la mtaa, herufi nyekundu za kupendeza, kila moja imenyooka kama askari: BADILISHA JIKO LA ZAMANI, UFURAHIE MAISHA.

Kila mtu anajua kwamba mwanamume akioa huambiwa amepata jiko. Kila mtu, isipokuwa Mheshimiwa siku ile, maana akili yake yote ilikuwa kwenye kunyoosha herufi.

Kulipopambazuka mtaa mzima ulikuwa umeshika mbavu, kwa maana ya nusu yake ya kiume. Na makao makuu ya kicheko yalikuwa kwa kinyozi, yaani baba yake Mheshimiwa. Baba alikuwa na mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi. Wateja walikaa kwenye kiti chake wakiuliza fomu za kubadilishia zinapatikana wapi, na kama la zamani linapokelewa hata likiwa na kutu. Yeye akawajibu, mashine ikinguruma sikioni mwa mtu: "Langu mimi siku hizi linakohoa tu. Nadhani tambi zimekwisha."

Neno hilo halikukaa pale. Lilitoka na mteja aliyenyolewa, likapita dukani, likapita bombani, na kabla ya saa ya kupika lilikuwa limemfikia mama mwenyewe.

Wanawake walikutana kwenye kamba za nguo wakakubaliana bila kikao. Watoto wao wa kuwazaa, tena waliowasomesha, walikuwa wanawatafutia wake wenza. Jumamosi wangekwenda, wangekaa mbele, na mikono yao ingebaki mapajani.

Mheshimiwa alipopata habari alitoka mbio na ndoo ya rangi na ngazi ya kuazima. Alitia kialama baada ya neno jiko, na juu yake akabananisha maneno mawili yaliyoachwa: LA MAFUTA. Aliposhuka, jirani mmoja mnene, mwanamke ambaye hakuwa na ugomvi na mtu, alikuwa amesimama chini analisoma polepole. Jiko la mafuta. La zamani. Akajitazama kiuno, akamtazama binti, akaenda zake bila salamu. Bango likashushwa siku hiyo hiyo, lakini maneno yalikuwa yameshasomwa.

Nyumbani mama hakumgombeza mtu. Alipika, akapakua, akaenda kulia chakula chake chumbani. Binti alimfuata akaeleza habari ya kitambaa na fundi, akaomba radhi. Mama alimwambia amemsikia, hivyo tu. Baba naye alijaribu mzaha mmoja mlangoni, ukaanguka sakafuni, akaenda kulala mapema akiwa na njaa ya mazungumzo.

Jumamosi watu walijazana darasani katika shule ya msingi, wazee kwa vijana, magoti yamegota kwenye madawati ya watoto. Mheshimiwa alisimama akasoma hoja yake vizuri, akaeleza moshi, akaeleza nyaya na sola. Lakini kila alipotamka neno jiko, nyuma kulisikika kikohozi cha kuigiza na vicheko vya chini chini. Wanawake wa mbele hawakucheka. Walikuwa wamefumbata mikono. Diwani alitazama saa, akaanza kukusanya karatasi zake. Binti aliona kazi yao yote inakwenda na maji, na machozi yakamlengalenga.

Ndipo mama yake akasimama. Hakuwa mtu wa mikutano. Akafungua mdomo aseme, kikohozi kikamtangulia, cha kweli, kirefu, akashika dawati mpaka kikapita. Vicheko vya nyuma vikakosa pa kwenda.

"Mume wangu amewaambia jiko lake linakohoa," alisema. "Hakusema uongo. Mmemsikia wote, na mimi mmenisikia sasa hivi. Lakini hata mmoja wenu hakuuliza linakohoa kwa nini."

Akavuta pumzi, akaendelea.

"Nimesimama juu ya zile tambi tangu nilipoolewa. Huyu mtoto nilimbeba mgongoni nikipuliza moshi, akipiga chafya na mimi nikicheka. Sasa yeye ndiye anayenililia mimi. Bango lake lilinikera, na bado linanikera. Ila, mheshimiwa diwani, andika hivi: hili jiko la zamani halibadilishwi, liko hapa. Linalobadilishwa ni lile linaloliua."

Akakaa.

Diwani aliweka karatasi zake chini, akauliza wanaokubali ni nani. Mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wa kinyozi. Hakusema neno, na kwa watu waliomfahamu hilo peke yake lilikuwa jambo kubwa. Ukafuata wa yule jirani mnene, kisha mikono ya safu nzima ya mbele, kisha darasa. Diwani alihesabu, akapoteza hesabu, akasema basi inatosha, hoja itafika barazani. Watu walishusha mikono wakaanza kusogeza madawati.

Baba alikuwa bado ameinua wake. Alimtazama mkewe, na uso wake haukuwa na mzaha hata chembe.

"Shusha, Baba Mheshimiwa," mama alimwambia. "Wameshakuhesabu."

"Nilidhani ni vumbi," alisema baba.

"Ndivyo nilivyokwambia."

"Ndiyo. Na mimi nikaona raha kuamini."

Waliondoka pamoja, binti nyuma yao na karatasi zake za hoja. Sheria ingechukua muda wake huko barazani, hilo walilijua. Lakini jioni ile sauti ya nyundo ilisikika nyuma ya nyumba. Kinyozi alikuwa anapanua dirisha la jikoni, kwa kupindapinda, matofali yakianguka upande aliousafisha mama, na kila alipoanza kukohoa kwa lile vumbi jeusi la ukutani alisimama, akalitazama kwenye viganja vyake kwa muda, kisha akaendelea.