Rambirambi kwa Aliye Hai

Barua ya rambirambi ilifika kwetu Nshambya, Bukoba, mwaka 1989, marehemu mwenyewe akiwa anakunywa chai. Nyumba ilikuwa imejaa wageni, kama ilivyozoea tangu wakati wa vita, na tangu mdogo wangu arudi kutoka masomoni walikuwa wamezidi. Mdogo wangu Bashiri akaisoma kwa sauti, akitafsiri Kiingereza chake. Profesa wake wa Malaysia alikuwa anatupa pole kwa kifo cha kijana hodari.

"Kumbe nimeshazikwa," akasema. Jirani yetu Benigna akamwambia apunguze sukari basi, marehemu hana haja nayo. Tukacheka mpaka Bashiri alipofungua jarida lililokuwamo kwenye bahasha.

Bashiri alikaa kule miaka mitatu akichunguza vyura wanaoishi mitini. Wataalamu walikuwa wanabishana: wa kahawia na wa madoa, ni aina mbili au moja? Ukiwapima vidole na ngozi, unaona aina mbili. Bashiri akachukua vipande vya maini yao, akalinganisha chembe za urithi, akaona ni wamoja. Hakuridhika. Akashinda vijitoni msimu baada ya msimu mpaka akawaona wakishuka kupandana: madume wote wa kahawia, majike wote wa madoa. Walikuwa mume na mke, bwana.

Alirudi amekonda, kifua kinambana. Lameki, aliyesoma naye huko na sasa ana ofisi Muleba, akaja kumwona, akala ebitoke, ndizi zetu za kupika, akaondoka na madaftari ya Bashiri eti akayapige chapa. Sasa jarida lilikuwa na jina la Lameki peke yake. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, alimshukuru marehemu Bashiri kwa kusaidia kukamata vyura.

Kile kifua kilikuwa TB, na dawa zilikuwa zimeshamponya. Lakini miaka ile ukikonda Bukoba, watu walikupa Juliana papo hapo. Ndivyo tulivyouita UKIMWI.

Kesho yake tukapanda basi, mimi na yeye, hadi Muleba. Lameki alipotuona mlangoni alisimama, akakaa, akasimama tena. Bashiri hakumtukana. Alitaka jambo moja tu: Lameki amwandikie profesa kazi ile ni ya nani. Lameki akasema imeshachapwa, na akiandika hivyo atafukuzwa kazi. Bashiri akamuuliza nani alimwambia amekufa.

Lameki akanitazama mimi.

"Dada yako. Alinisindikiza mpaka stendi, akaniambia una Juliana, Idi huifikii. Idi ilipopita nikajua tayari."

Ni kweli nilisema. Nilimwambia Lameki, nikamwambia Benigna, nikawaambia na wa kisimani, wakati daktari hajasema lolote.

"Dada Mwamvita," Bashiri akasema polepole, "wale watu wote waliojaa nyumbani, walikuwa wanakuja kuniaga?"

Nikasema twende, basi lisije likatuacha.

Tuliporudi alikwenda peke yake kwa mzee Kagaruki, balozi wa nyumba kumi, akaandikiwa barua yenye mhuri kwamba yu hai. Akaituma Malaysia pamoja na nakala za maelezo aliyobaki nayo. Jibu aliomba lije kwa sanduku la posta la Kagaruki, si letu.

Benigna ndiye aliyeniambia kwamba profesa amejibu: jina la Bashiri litachapwa kama mwenye kazi. Nikajifanya nilishajua. Bashiri alikuwa chumba cha pili, mlango ameurudishia.