Mama Elkana

Chumba alichofichwa Maroa kilikuwa Mbita, nyuma ya duka la nyavu, na masharti yake yalikuwa makali: asimpigie mtu simu, asiitike akiitwa Maroa, asirudi Migori hadi Liz aseme. Liz alikuwa mtetezi wa haki za binadamu. Ndiye aliyemtorosha baada ya polisi kuapa kumnyamazisha, kosa lake kutangaza redioni kwamba ni risasi yao iliyomuua kijana kwenye maandamano. Majirani walimjua kama Jeff, mnunuzi wa dagaa wa omena ambaye, ajabu, hakuwahi kununua hata gorogoro moja.

Hakuwa na mwenzake ila redio. Kila asubuhi aliwasikia wenzake wakicheka studioni kana kwamba hajawahi kuwapo, na iliuma. Kisha yalikuja matangazo ya vifo, ambayo zamani aliyasoma yeye.

"Familia moja ya Ntimaru inasikitika kutangaza kifo cha Susana Boke, anayejulikana na wengi kama Mama Elkana. Mazishi ni Ijumaa."

Susana Boke alikuwa mama yake. Lakini Elkana ni kitinda mimba. Kifungua mimba ni Maroa, na tangu azaliwe watu wote walimwita mama huyo Mama Maroa, sokoni na kanisani. Hasira zilimpanda kabla ya kilio. Elkana alikuwa amemfuta, tena maiti haijazikwa.

Liz alipoleta chakula mchana alimkuta amefunga begi.

"Naenda kuzika mamangu. Na huyo Elkana atanieleza."

"Si Elkana, ni mama mwenyewe," Liz alisema. "Polisi wamekuwa wakizunguka Ntimaru wakiuliza boma ya Mama Maroa ni gani. Akaomba majirani wote wamuite Mama Elkana. Hata akifa, atangazwe hivyo. Aliogopa utakuja, wakushikie kaburini."

Maroa aliketi kitandani, begi mapajani.

"Na alikuwa akiitika?"

"Alikuwa akiitika. Lakini majirani walisema alikuwa anachelewa."

Ijumaa hakwenda. Saa ya mazishi ilipofika alizima redio, akasimama, akalisoma tangazo lile upya kwa sauti yake ya kazi, chini chini ili lisipenye ukuta. Alipofika kwenye Mama Elkana alisema Mama Maroa, sauti ikakatika, akalia.

Nje jirani alibisha. "Jeff! Uko ndani? Jeff!"

Alichelewa kuitika.