Mahali pa Kuandika Nyuki

Bruce alikuja na karatasi mpya tena. Nilimwona tangu anaingia getini kwa dada Frida, buti zimejaa tope la umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa mzima, bahasha ameibana kwapani kama mtu anayepeleka kesi, nikajua tu. Ile ya mwezi uliopita imekufa, na mimi naanza upya.

Mchezo wetu ni wa mezani. Bruce ndiye msimulizi: anaeleza mko wapi na mbele yenu kuna nini, kisha kila mmoja anasema mtu wake anafanya nini, dadu inatupwa, na dadu ndiyo inayoamua kama ameweza. Tunacheza huku Rebero Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kazi za umuganda zikiisha, kwa sababu siku hiyo bosi wangu pale Remera hafungui kabisa duka la ushonaji. Kila mchezaji ana karatasi ya mtu wake: jina, nguvu, anachokijua, alichobeba. Bila karatasi iliyokamilika huna mtu. Unakaa, unamimina chai, na Bruce akihitaji muuza mboga wa kusema neno moja sokoni, anakupa wewe.

Nimeuza mboga sana katika mchezo huo.

Karatasi za mwanzo zilikuwa za Kiingereza, Bruce alizitoa kwenye intaneti. Mimi nilimaliza la saba kule Ngara nikaingia kwenye cherehani. Kiingereza kilinipita mbali. Nikaomba ya Kiswahili, maana hata mezani tunaongea Kiswahili: Frida ni wa Bukoba, Tito wa Mwanza, na Bruce, aliyekulia Kampala, anajikaza hivyo hivyo. Akasema atatengeneza. Akatengeneza. Ya kwanza ilisahau mahali pa jina. Iliyofuata ilikuwa na visanduku vidogo kiasi kwamba ungehitaji sindano badala ya peni. Kila nilipohamisha mtu wangu kutoka karatasi hii kwenda ile, kitu chake kimoja kilipotea njiani.

Maana mtu ninaye. Anaitwa Nyirabuki, mama wa makamo anayefuga nyuki mlimani, na nyuki wake wanamsikia. Akipiga mluzi wanakuja, akinyamaza wanatulia. Nimemtunga huku nashona sare za watoto wa shule, mpaka najua anavyokohoa. Hapigani na hana uchawi. Ana nyuki. Siku hiyo safari kubwa ilikuwa inaanza, ya kuvuka milima kumtafuta mfalme aliyepotea, na nilikuwa nimejiapiza kwamba leo siuzi mboga.

Bruce akatandaza karatasi zake kati ya vikombe. "Hii sasa iko sawa kabisa. Nimechukua muundo ya imihigo ya ofisi."

Imihigo ni zile ahadi za kazi wanazosaini maofisini kila mwaka: utafanya nini, kwa kipimo gani, mpaka lini, halafu wanakupa alama. Bruce ndiye anayeziandaa kazini kwao. Nadhani huwa anaziota.

Frida akasoma yake, mabega yakaanza kumtikisika. "Bruce. 'Lengo. Kiashiria. Robo ya kwanza.' Mchawi wangu ana robo mwaka?"

"Inasaidia kufuatilia."

"Na hapa chini, 'sahihi ya msimamizi wa karibu'. Mchawi anasimamiwa na nani, jamani?"

"Na shetani," akasema Tito. "Ila yuko likizo."

"Hiyo nilisahau kutoa," Bruce akasema, akaikata kwa peni.

Wakacheka. Wao wanaweza kucheka, watu wao wanaingia popote. Askari wa Tito ana panga, panga linaandikwa kwenye silaha, kwisha. Mimi nilipitisha kidole kisanduku kwa kisanduku, juu mpaka chini, nikarudia.

"Kaka Bruce, nyuki naandika wapi?"

"Silaha."

"Siyo silaha. Hawashikwi mkononi."

"Mdogo wangu," akasema Frida, "hapa kuna 'wanyama wa mizigo'."

"Watabeba nini?"

"Sukari," akasema Tito.

"Andika silaha, sha, tuendelee," Bruce akasema. "Halafu hapa andika kiasi. Iko ngapi?"

"Nani anahesabu nyuki?"

"Lazima kipimo ikuwe. Bila kipimo nitajua aje imeisha?"

"Hawaishi. Wanarudi mzingani."

"Ikichoma mtu si inakufa? Basi inaisha."

Hapo alinipata, na ndiyo maana nilikasirika zaidi. Nyuki akichoma anakufa, hilo hata mtoto analijua. Lakini Nyirabuki hawatumi kuchoma. Anawatuma watazame njia, wamletee habari, wamzunguke mtu mpaka aseme ukweli. Nilikuwa bado napanga maneno ya kulieleza hilo, Bruce akachukua peni yangu na kuandika mwenyewe kwenye silaha: mzinga wa kurusha, mmoja.

Nikakata. Akaandika tena chini yake. Nikakata tena, karatasi ikatoboka.

"Spès, unatuchelewesha," akasema Tito. "Chukua yule mpiga upinde wangu aliyekufa. Karatasi yake imekamilika."

"Marehemu wako simtaki."

Bruce akavuta pumzi kama mtu aliyebeba tofali. "Tuanze. Hii ya Spès haijakamilika. Nyirabuki leo nitamusema mimi. Mwezi ujao naleta karatasi iko na mahali ya nyuki."

Wakaanza. Mimi nikabaki na chai yangu, nikiwatazama. Walifika darajani, mjumbe wa mfalme akauliza nani anakwenda. Mchawi akakubali. Askari akakubali, na kelele nyingi. Kisha Bruce akalegeza sauti, akaifanya nyembamba kama ya bibi mgonjwa: "Nyirabuki anabeba mzinga yake, anasema yego, twende."

"Hajasema," nikasema.

"Nini?"

"Nyirabuki. Hajasema yego. Na sauti yake siyo hiyo."

"Spès, karatasi yako..."

"Karatasi ni yako. Huyu ni wangu."

Tito akanyoosha mkono atupe dadu ya kuvuka daraja. Dadu haikuwepo mezani. Ilikuwa kwenye kiganja changu, na tunayo moja tu. Sikuificha. Nilikaa tu nayo. Mimi kukaa kimya sioni taabu. Watatu hawa hawawezi hata dakika.

"Haya," Bruce akasema mwishowe. "Anasema nini?"

"Anasema hatembei na watu wasiowajua nyuki wake. Mkimtaka, mfuateni kwanza mlimani, mkae nao."

"Hiyo haiko kwenye safari." Akafunua kurasa zake, alizoziandika kwa wiki nzima, uso umemkunjamana. "Haiko kabisa."

"Najua."

Frida akasogeza kiti mbele. "Mchawi wangu anapanda."

"Askari anabaki chini," akasema Tito. "Analinda viatu."

Bruce alinitazama, akaitazama ile karatasi yenye tundu, akatupa peni juu yake. "Mlima iko mkali," akasema kwa hasira. "Kupanda lazima dadu. Tupa."

Nikampa dadu dada Frida, kwa kuwa ndiye aliyekuwa anapanda. Mimi nilikuwa tayari niko juu.