Kona ya Tangi

Njia yetu ya watembea kwa miguu na waendesha baiskeli ina urefu wa kilomita moja na mita mia nane, kutoka sokoni mpaka shule ya msingi, na ina kona moja tu isiyo na maana. Watu huniuliza habari zake, hasa wa baiskeli, maana wanakuja kasi, mara tangi la maji hilo hapo mbele ya pua. Mimi ndiye niliyeipima, kwa hiyo huwajibu kwa sura ya kitaalamu kwamba ardhi ya pale ilikuwa laini. Ni uongo mtupu. Ardhi ya pale ni ngumu kama kisigino.

Kona ile niliiweka kwa ajili ya shangazi yangu.

Wapima njia wengi huanza na karatasi. Mimi huanza na miguu. Kabla sijapiga kigingi hata kimoja, hukaa wiki tatu nikitazama watu wanakanyaga wapi: wapi nyasi zimekufa, wapi zimeinama tu, wapi mwenye ndoo kichwani hukata kushoto kukwepa jiwe. Nikishajua, navuta kamba palepale. Mafundi waliniita Nyayo kwa kunitania, nami nikalipenda jina na kuvimba kichwa. Nilijigamba kwamba kwa miaka kumi na tisa sijawahi kumlazimisha mtu apite mahali ambapo miguu yake haikutaka.

Njia ya zamani, ile ya vumbi, ilipita chini ya dirisha la shangazi, karibu kiasi kwamba mtu mrefu aliweza kuegemeza kiwiko dirishani. Shangazi alinilea tangu nikiwa na miaka sita, kwa cherehani ya miguu iliyokaa pale dirishani. Alishona sare za shule na kutia viraka kutwa nzima, na kutwa nzima watu walipita. Walimsalimia, walimuuliza saa, walimwachia funguo, walimpa mtoto amshikie dakika mbili zikawa saa mbili.

Naye alilalamika. Jamani, alilalamika. Kwamba wamemgeuza saa ya ukutani. Kwamba vumbi lao limo mpaka ndani ya sukari. Kwamba fundi baiskeli akiegemea pale huacha alama ya grisi, na kwamba umbea wa mji mzima lazima upitie sikioni mwake kabla ya kwenda unakokwenda. Mwaka mmoja alishikwa na homa, akachelewa kufungua dirisha, ambalo hulifungua saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ilipofika saa mbili watu watatu walikuwa wanagonga mlango, mmoja kaja na uji. Nilipofika jioni nilimkuta amekasirika. Alisema katika mji huu hata kuumwa mtu haumwi kwa raha.

Nililelewa ndani ya malalamiko hayo, na nikayaamini. Hapo ndipo lilipo kosa langu lote. Mtu mzima, mpima wa miguu ya watu, sikujua kupima mdomo wa mwanamke aliyenilea.

Halmashauri iliponipa kazi ya kuijenga njia ile kwa vitofali vya saruji, niliona wakati wangu wa kumlipa shangazi fadhila umefika. Nilichora mstari ukitoka sokoni umenyooka vizuri, na karibu na nyumba yake nikaupinda, ukazunguka nyuma ya tangi la maji, hatua arobaini kutoka dirishani. Mnyapara wetu, mama mmoja mwenye ulimi wa wembe, alikuja kusimama kando yangu nilipokuwa nafunga kamba kwenye kigingi cha kona. Alitazama vigingi, akatazama nyasi zilizokufa kule dirishani.

"Nyayo," akaniambia, "leo kamba yako inafuata nini? Maana miguu iko kule."

Nilimjibu kwamba mimi ndiye mpima. Akainua koleo lake akaenda zake.

Jioni ile nilienda kumpa shangazi habari njema. Nilikuwa na furaha ya mtoto aliyeshinda mtihani. Nilimweleza kila kitu: njia inahama, vumbi linahama, grisi inahama, na mimi mwenyewe nitapanda ua wa michongoma pale penye njia ya zamani ili mtu asirudi. Mguu wake ukasimama juu ya pedali ya cherehani.

"Watapita wote huko?" akauliza.

"Wote, shangazi. Hutasikia hata kikohozi."

Aliukunja na kuukunjua upindo wa sketi aliyokuwa anashona. Kisha akasema, "Haya, mwanangu. Wewe ndiye unayejua njia." Akaendelea kushona. Nilirudi nyumbani nikajisifu kwa mke wangu kwamba shangazi kakosa hata la kusema kwa furaha.

Njia ilikamilika kwa miezi minne, na ilipendeza, siwezi kusema uongo. Upande wa kulia baiskeli, upande wa kushoto miguu, mstari mweupe katikati. Lakini kwenye tangi mtu hakuweza kuona anayekuja mbele, na wiki ya kwanza baiskeli mbili zikagongana. Nikaweka kibao kikubwa: PIGA KENGELE. Wiki hiyohiyo watu walikuwa bado wanakata kwa shangazi. Miguu haisahau haraka, na hakuna aliyelijua hilo kuliko mimi. Ningeweza kuwatazama kwa wiki tatu, kama kawaida yangu, nikajifunza kitu. Badala yake nilifanya haraka kupanda michongoma, nikaimwagilia kwa mikono yangu, nikaweka na waya mpaka ishike. Ilishika vizuri sana.

Kila Ijumaa nilimpelekea shangazi mkate. Niliona kazi za kushona zinapungua kwenye kiti chake, nikadhani watu siku hizi wananunua nguo tayari. Niliona halalamiki tena. Nilimwambia mke wangu, "Umeona? Shangazi ametulia." Mke wangu aliniangalia tu akaendelea kuchambua mchele.

Ijumaa moja ya mwaka uliofuata nilifika saa tisa alasiri nikakuta dirisha limefungwa. Nilibisha, nikaita, nikavunja komeo. Shangazi alikuwa chini kando ya kabati, kigoda kimepinduka, midomo imekauka, ameshikilia bobini ya uzi mweusi. Alikuwa ameanguka Alhamisi asubuhi kabla hajafungua dirisha. Nyonga ilikuwa imevunjika. Alikuwa amelala pale sakafuni karibu siku moja na nusu, na mji mzima ukipita hatua arobaini kutoka kwake, kwenye njia yangu.

Hospitalini, siku ya tatu, aliweza kuzungumza. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda chake, nikiwa sijui mikono yangu niiweke wapi. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu. Alisimulia kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeeleza jinsi sare ilivyopasuka.

"Nilikuwa nazisikia kengele," alisema. "Kila ikilia moja, naita. Wa shule walipita, wa sokoni walipita, wakarudi. Nikaita mpaka sauti ikaisha. Baadaye nikafikiri, hawa wanapiga kengele, watanisikiaje?"

Akilini nilimwona yule mpumbavu aliyesimamisha kibao cha kengele, yaani mimi mwenyewe. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia siku ile nisiihamishe njia. Neno moja tu lingetosha. Ningeng'oa vigingi usiku uleule.

Aligeuza uso, akanitazama kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye niliyelazwa.

"Ulikuja umefurahi sana," alisema. "Ningeanzaje?"

Nililia palepale, mwanamume wa miaka hamsini na moja, na mgonjwa wa kitanda cha pili akajifanya amelala.

Shangazi alikataa katakata kuhamia kwangu. Alitaka nyumba yake na dirisha lake. Kwa hiyo wakati anajifunza kutembea na fimbo nilikwenda na panga kuing'oa michongoma. Mnyapara alikuja kunisaidia, hakusema kitu, na kwa mtu mwenye ulimi ule nililiona kuwa jambo kubwa. Tulitoa mizizi, tukasawazisha ardhi, tukafagia. Nikasimama pembeni kungoja miguu.

Haikuja. Watu walikuwa wamezoea vitofali, na nani atamlaumu mtu kwa kupenda mahali pasipo na tope? Niliwaomba baadhi yao wapite kwa shangazi. Walikubali kwa moyo wote, wakapita mara moja, mara mbili, wakiwa na haraka ya wazi ya mtu anayetimiza ahadi. Baada ya mvua nyasi zikaota pale pote, laini, zimesimama wima. Nimetazama nyasi kwa miaka mingi na sijawahi kuzichukia kama zile.

Sasa kila asubuhi kabla ya kazi napita pale mwenyewe kwa miguu, nikiikokota baiskeli yangu. Naenda, narudi, naenda tena. Miguu ya mtu mmoja haiui nyasi, hilo ningemweleza hata mwanafunzi wangu wa siku ya kwanza, lakini napita.

Juzi nilimkuta shangazi amefungua dirisha, amekaa, mikono juu ya cherehani isiyo na kitambaa. Nikaamua kufanya kama wale wa zamani. Niliburuta miguu makusudi nitimue vumbi, ila kwa zile nyasi halikutimka. Nilikuwa nimejipaka grisi ya mnyororo kwenye kiwiko. Nikaegemea dirishani kwa uzito wangu wote, nikaacha alama nyeusi ndefu kwenye rangi, nikamsalimia, kisha nikamuuliza, "Eti shangazi, saa ngapi saa hizi?" Nikangoja anitukane. Nilitamani anitukane mpaka majirani wasikie.

Shangazi aliitazama ile alama ya grisi, akachukua kipande cha kitambaa, akanifuta kiwiko taratibu. Halafu akageuka kuangalia saa ya ukutani.

"Saa moja na robo, mwanangu," akasema. "Asante kwa kupita."