Mgonjwa wa Farasi Arobaini

"Leo inatoka," alisema Thomas, shefu wa mradi wa boti. Alisimama juu ya ukingo, pale penye majani, maana viatu vyake vilikuwa vipya na tope la mto Ruvubu halina adabu. "Mama Lucia, we unanisikia? Moteur inatoka leo. Saa sita ikute iko barabarani."

Lucia alikuwa ndani ya boti, maji kwenye vifundo, anachota mvua ya jana kwa kopo. Hakunyanyua kichwa.

"Inatoka kwenda wapi, shefu?"

"Gitega. Kwa révision, ikakaguliwe."

"Mbona haiumwi?"

"Moteur haisemi kama iko mgonjwa. Inazimika tu katikati ya mto na watu ndani. Halafu nani atajibu? Mi ndiye nitajibu."

"Na Gitega kuna ziwa gani?"

"Gitega iko na wakubwa," alidakia Sudi, dereva wa pikapu, Mswahili wa Muyinga mjini, akacheka peke yake. Thomas aligeuka akamwangalia. Kicheko kikaisha hapo hapo.

Moteur yenyewe, mashine ya boti, ilikuwa ya nguvu za farasi arobaini, nzito kama mtu mzima aliyeshiba. Mradi uliileta pamoja na boti, ukajenga na nyumba ya bati ya chumba kimoja hapo kando ya mto, kwa ajili ya mlinzi, na ukataka mlinzi huyo awe mwanamke kwa sababu kwenye picha inapendeza. Lucia walimpata hivyo. Alikulia Kigoma, baba yake akifungua na kufunga mashine za boti mpaka usiku, na yeye akimshikia spana. Wakimbizi waliporudishwa Burundi alikwenda na mumewe Bugendana, kwa watu wa mume. Mume hakumaliza mavuno mawili, akarudi Tanzania, kimya. Mashemeji wakabaki wanalima, kila msimu wanasogea kidogo, wanasogea kidogo, mpaka maharage yao yakafika mlangoni kwake. Ndiyo akaja huku Muyinga, mtoni.

Hapa walimwita Mtanzania. Wenyewe kwa wenyewe walipiga Kirundi, wanacheka, wanapigana vikumbo. Wakimgeukia yeye wanaingiza Kiswahili, maneno machache, yaliyopimwa, kama unavyoongea na mgeni ambaye hujui ataondoka lini.

Ng'ambo ya mto kulikuwa na rimu ya gari imening'inizwa mtini. Ikigongwa taratibu, ni abiria. Ikigongwa bila kupumzika, ni mgonjwa, na hapo Lucia anaacha hata ugali jikoni, anawasha, anakwenda. Petroli ilipopotea nchini, abiria wakaacha kugonga. Yeye akaficha kidumu kimoja chini ya kitanda, kwa ajili ya mlio ule wa pili tu. Kuna siku zilikuwa kimya kiasi kwamba alikwenda mwenyewe kwenye rimu ya upande wake, akagonga mara moja, akasimama kusikiliza. Hakuna aliyejibu. Sasa wangejibu nini?

"Na wagonjwa, shefu?"

"Makasia si yapo?"

"Boti hii ni ya watu kumi na zaidi. Mtu mmoja na kasia, mkondo unamzungusha tu hapo katikati."

Thomas alishuka hatua moja, akasahau viatu. Sauti nayo ikashuka.

"Umva, sikiliza, mama. Hii nyumba ni ya nani?"

"Ya mradi."

"Voilà. Moteur ikienda vizuri, haikukwaruzwa, hakuna maneno-maneno, nani ataikumbuka nyumba? Itabaki hapo na wewe ndani. Mais ukianza kelele, mradi utakumbuka iko na nyumba."

Lucia aliangalia bati. Kulikuwa na gauni lake moja limeanikwa kwenye kamba, linadondosha maji. Nyuma ya nyumba hiyo hakukuwa na kwingine. Bugendana maharage yalikuwa mlangoni.

"Basi nileteeni winchi ya mnyororo," alisema. "Gereji za Muyinga wanakodisha."

"Budget hakuna."

"Kamba je?"

"Sudi iko na kamba."

"Na watu?"

"Watu hao wanashuka."

Walikuwa wanashuka kweli, wanaume wa kilimani, Damiano mbele. Na mabegani walikuwa na machela. Ile machela yao ya kusuka, ingobyi, miti yake miwili imeng'aa kwa mabega ya miaka na miaka. Kilima kizima kilikuwa na machela moja. Nyumba yenye mwanamume anayebeba, watu wake wanabebwa. Mvua za mwaka jana, malaria ilipompiga Lucia mpaka akawa anaongea na ukuta, Damiano alikuja akasimama mlangoni, kofia mkononi, kwa heshima kabisa. Nyumba isiyo na mbebaji haibebwi, alisema. Si mimi, mama, ndiyo sheria tuliyoikuta. Lucia alipanda mwenyewe hadi zahanati, anaegemea kasia.

"Damiano," alisema sasa. "Mashine nayo ina mwanamume anayebeba?"

Mmoja wa wanaume aliguna kicheko. Wengine walitafuta kitu cha kuangalia mtoni.

"Imetumwa na wakubwa," Damiano alisema. "Usinianze asubuhi, Mama Lucia."

Lucia akaanza kazi, maana nani mwingine angeianza? Aliwaambia wageuze boti, nyuma yake ije ukingoni, akaifunga kulia na kushoto isiende mbele wala nyuma. Wakakata mikaratusi mitatu mirefu, wakaifunga vichwa pamoja, wakachimba mashimo ya miguu, maana mti ukiteleza kwenye tope umekwisha wewe na mashine. Juu, pale vichwa vilipokutana, akatundika puli ya baba yake. Hicho ndicho kitu cha Kigoma alichobaki nacho.

"Kwanza mafuta," alisema. "Mashine hailazwi na mafuta ndani."

Akachomoa mrija, akaweka tangi pembeni, akakinga yale yaliyobaki kwenye injini. Alipogeuka, Sudi alikuwa tayari na tangi mkono mmoja. Na mkono wa pili kidumu. Kile cha chini ya kitanda.

"Dada, usiniangalie hivyo. Shefu ndiye amesema tazama ndani. Pikapu imetoka Gitega na itarudi Gitega, na ile kitu inakunywa."

"Hayo ni ya wagonjwa, Sudi."

"Mi najua, dada." Aliinama kama anafunga kamba ya kiatu, naye alikuwa amevaa kandambili. "Unajua nyuma ya pikapu kuna nini? Makopo ya rangi. Nyeupe na bleu. Mwezi ujao Gitega kuna sherehe, mradi unapokea moteur mpya. Mahema, ngoma, fanta, tout."

"Mpya kutoka wapi?"

Sudi alinyoosha midomo, akaielekeza kwenye mashine. "Mi sijasema kitu," akasema, akaondoka na petroli.

Lucia alibaki amechuchumaa pale, mkono juu ya kifuniko cha mashine. Kisha akachukua kamba ya pili, fupi, akaizungusha shingoni mwa mashine na kuifunga kwenye mti mkubwa wa ukingoni. Kamba ya akiba. Ile ya kwanza ikiponyoka, hii inadaka. Mikono ilifunga yenyewe. Ilikuwa imezoea.

Parafujo za kubana zilikuwa zimeshika kutu. Alizimiminia oili chafu, akasubiri, akazigonga kidogo na jiwe, zikalia, zikalegea. Akafungua na bolti za ubao wa nyuma ya boti.

"Toka hapo chini, Damiano."

"Naishikilia."

"Mashine haishikiliwi kutoka chini. Toka."

Wanaume watatu wakashika kamba. Mkia wake Lucia aliuzungusha mara mbili kwenye kisiki, akabaki ameushika yeye, maana hapo hata mtu mmoja anazuia mzigo. "Vuteni. Taratibu. Bado. Vuteni." Mashine ikanyanyuka kwenye ubao wake, ikajigeuza kidogo, ikaning'inia. Maji yakamwagika kutoka mguu wa mashine, kule kwenye panga. Thomas akatoa simu, akapiga picha.

"Acheni kamba," Lucia aliwaambia. "Nimeishika."

Wakaacha. Sasa alikuwa yeye na mashine, na kisiki katikati. Chini ya mashine ukingo ulitelemkia kwenye shimo la mto ambamo viboko hulala, hakuna aliyewahi kugusa mwisho wake kwa mti. Vidole vitano tu. Avifungue. Gitega wangepaka rangi nini?

Aliitazama kamba ya akiba. Fundo alilifunga yeye. Fundo lake halijawahi kufunguka.

"Polepole, mama," Thomas alisema, simu bado juu.

Waliisukuma ikaja upande wa nchi kavu, na yeye akaishusha, kidogo, kidogo, kamba inamla kiganja, mpaka ikatua juu ya magogo ya mgomba kama yai. Haikukwaruzwa. Thomas aliizunguka, akainama, akapitisha kidole.

"Impeccable," alisema. "Sasa funika. Sitaki maswali njiani."

"Nifunike na nini?"

"Blanketi si unalo?"

Walilaza mashine kwenye machela, wakaifunga, wakatandaza juu blanketi la Lucia, la kahawia, lenye tundu alilolishona kwa uzi mwekundu. Pikapu haikuweza kushuka, njia ililiwa na mvua.

"Kichwa kikae juu kuliko mguu," Lucia alisema. "Maji yaliyobaki yasirudi kwenye injini."

"Basi njoo ushike mwenyewe," Thomas alisema, akatangulia, simu sikioni. Sudi alimfuata na petroli.

Kwa hiyo walipanda hivyo. Wanne mabegani, Lucia ubavuni, mkono mmoja chini ya blanketi, anainua kichwa cha mashine kila njia ilipolala.

Kwenye migomba ya kwanza walikutana na mwanamume anasukuma baiskeli yenye ndizi. Ukikutana na machela, hupiti. Aliegemeza baiskeli kwenye ukingo wa njia, hakuuliza kitu, akampokea aliyechoka, bega likaingia. Mbele kidogo wawili wakatoka kwenye shamba la maharage, wanajifuta mikono kwenye suruali, nao wakaingia. Wanawake waliacha kupalilia. Walimwona yule mama ameshika kichwa cha mgonjwa wake.

"Mwihangane, mama," walisema. "Mwihangane."

"Asanteni," Lucia alisema.

Tangu aje Muyinga hakuwahi kupewa pole nyingi hivyo. Ziliendelea kuja, kutoka kwenye milango, kutoka shambani, na yeye akaendelea kushukuru.

Damiano, aliyekuwa amepokelewa, alitembea karibu naye.

"Waambie," Lucia alisema chini chini.

"Waambie wewe. Nyumba ni yako."

Hakuwaambia.

Penye nyumba ya mwisho kabla ya mwinuko wa juu, bibi mmoja alitoka na kikombe cha uji, ameufunika kwa kiganja usipoe.

"Anaweza kumeza?"

"Hawezi, bibi."

"Basi kunywa wewe, mwanangu. Na wewe umechoka."

Ulikuwa na sukari. Lucia hakuwa amekula tangu jana. Aliunywa wote, amesimama, mkono mwingine bado chini ya blanketi. Bibi alimngoja amalize.

"Ni nani wako?"

Wanaume wote wa kilimani waliangalia chini.

"Ndiye niliyekuwa naye," Lucia alisema.

Bibi alichukua kikombe chake. Yule wa baiskeli, ambaye sasa alikuwa mbele upande wa Lucia, aliona blanketi limeteleza. Alinyoosha mkono alirudishe. Mkono ukagusa kitu cha baridi, kigumu, ukakaa hapo kidogo, ukarudi taratibu. Kwa mkono huo huo alivua kofia, akaiweka mfukoni.

Waliokuwa kando ya njia waliiona kofia ikivuliwa. Wanawake wawili waliokuwa wameketi wakasimama. Mmoja alitua mzigo wa kuni kutoka kichwani.

Hapo ndipo rimu iliposikika, kutoka chini, kutoka ng'ambo. Mara moja. Mara ya pili. Halafu bila kupumzika.

Damiano alisimama. Wabebaji wakasimama. Machela ikabembea kidogo hewani. Mbele kule Thomas aligeuka, akapunga mkono, njooni, njooni.

"Mgonjwa mwingine," alisema yule wa baiskeli, kwa sauti ya kwenye msiba. "Huyo Mungu atamsaidia. Mi ni wa huku juu, upande wa Gasorwe, mais hiyo habari naijua. Pale mtoni kuna boti na mama mmoja Mtanzania. Ukigonga tu, anakuja."

Damiano alirudi chini ya mti wa machela, akambadilisha mwenzake, akalitafutia bega mahali pake. Wakaanza tena kupanda.

Lucia aliinua kichwa cha mashine kidogo. Nyuma yao, mguuni mwa mashine, maji ya Ruvubu yalikuwa bado yanadondoka tone moja moja, yanachora mstari njiani, na wanawake waliosimama kando waliuruka mstari huo kwa adabu, wasiukanyage.

Rimu ilikuwa bado inagongwa.