Ukurasa wa Josué katika Historia ya Kozi

Anaclet hakuwa na meno ya mbele. Hakuwa na mke. Lucie alikuwa amezikwa, na nyumba yao ya mtaa wa Kasha, Bukavu, ilibaki na kiti kimoja kisichokaliwa. Hakuwa na sare, kwa sababu ile ya mwisho ililiwa na panya ndani ya sanduku. Hakuwa na pensheni, na alikuwa amechoka kuiulizia. Hakuwa na picha hata moja inayomwonyesha ndani ya ndege. Ndege yenyewe ndiyo usiseme: zile zilizobaki za Kikosi cha Kozi ziliuzwa na wakubwa wa zamani, na zile zilizoshindwa kuuzwa zilikatwakatwa zikawa sufuria. Na zaidi ya hayo yote, hapakuwa na mahali popote duniani palipoandikwa, kwa mkono wa mtu mwingine, kwamba Anaclet aliwahi kuwa rubani wa kivita.

Hilo la mwisho ndilo lililomuuma. Vijana wa Kasha walimwita Papa Avion, yaani Baba Ndege. Wachache walisema hivyo kwa heshima. Wengi walinyoosha mikono kama mabawa akipita, wakanguruma kwa midomo.

Kwa hiyo aliposikia kwamba maafisa wa zamani waliopo Kinshasa wanaandika kitabu cha historia ya Kozi, alinyoa ndevu, akamwomba jirani amnyooshee shati, akangoja. Alingoja msimu mzima wa mvua. Jumamosi moja mchana akaja msichana wa chuo kikuu, jina lake Elodie, mpwa wa Kanali Constantin aliyekuwa mkuu wa kikosi tangu akiwa bado commandant. Yeye ndiye aliyekuwa akipiga kitabu kwenye kompyuta.

"Papa Anaclet, tonton anakusalimia sana," alisema, akitoa mafungu ya karatasi katika mfuko. "Alisema nikusomee kwanza, halafu kuna kakaratasi ka kuweka sinyatire, kutia sahihi yako."

"Soma, binti yangu. Masikio yangali mazima."

Elodie alisoma vizuri. Anaclet alifumba macho. Mwanzoni kitabu kilisema kweli: ndege zilivyofika mpya zikinuka rangi, walimu wa kigeni walivyowapiga vijana rula kwenye vidole, wimbo waliouimba asubuhi kwenye uwanja wa Katanga. Kilisema kidogo kuhusu vita, maana vita vyenyewe vilikuwa vidogo. Safari moja Kozi walitumwa kupiga waasi, wakapiga kilima chenye mbuzi. Baada ya hapo kazi ya kikosi ilikuwa gwaride. Kila sikukuu ya taifa watu wakubwa walikaa jukwaani kwenye kivuli, Kozi wakapita juu yao, wanawake wakapiga vigelegele.

Kitabu hakikusema lolote kuhusu kulishana. Mafundi ndio waliotoa jina hilo. Vipuri vilipoacha kuja, ndege moja iliyolala ililishwa kwa nyingine: leo gurudumu, kesho pampu, kesho kutwa kioo. Mwisho ndege nane zililisha moja, nayo ikapakwa rangi mpya ikatoka kwenda gwaride kama bibi harusi aliyeazima kila kitu, hata viatu.

Elodie alifungua ukurasa mwingine. "Sikukuu ile, Commandant Constantin aliipitisha ndege yake chini sana juu ya mji wa Bukavu, akitokea upande wa kisiwa cha Idjwi. Mji mzima ulisimama."

Anaclet alifumbua macho. "Rudia hapo."

Alirudia.

"Nani alipitisha?"

"Commandant Constantin. Iko imeandikwa vile, papa." Alimtazama. "Weye ulikuwa kule?"

"Nilikuwa ndani yake."

Alikuwa amepita juu ya Nguba, akaona kanisa kuu likija mbele yake kama kichuguu, akainua pua ya ndege, mabati ya Kadutu yakalia. Sokoni wanawake walilala kifudifudi juu ya unga wao wa mihogo. Mama yake peke yake alibaki amesimama, akisema kwa kila mtu: "Muamuke! Ule ni mutoto wangu, anapita kunisalimia." Mama huyo alikufa akilisimulia jambo hilo. Na sasa safari hiyo ilikuwa ya Constantin.

Elodie aliona aibu. Akapiga simu Kinshasa, akaiweka juu ya meza ili wote wasikie.

"Anaclet! Kozi muzee!" Sauti ilikuwa nene, ya mtu anayekula vizuri. "Ungali unapumua?"

"Napumua, mon colonel. Hewa ya Kasha bado hamujaiuza."

Constantin alicheka kwa muda mrefu kuliko mzaha wenyewe. "Angalia, ile ya Bukavu ni bale banaandikaka, balichanganya majina. Tutaweka vizuri. Nitakurudishia safari yako, na ukurasa muzima na jina lako juu. Capitaine Anaclet! Ni vile tu, kuna kale kakaratasi ka Josué. Weye tu ndiye umebaki kati ya balioona. Weka sinyatire, basi."

Elodie alisogeza karatasi. Ilisema kwamba Luteni Josué Zagabe alipanda ndege siku ya ajali iliyomuua akiwa amekunywa pombe, kinyume cha shauri la mkuu wake, na kwamba mtoa ushahidi, Anaclet, alisikia harufu kwa pua yake mwenyewe.

"Josué alikuwa wa Legio ya Maria," Anaclet alisema. "Hata kasiksi, pombe ya ndizi ya matanga, hakuionja."

"Ripoti ya wakati ule ilisema alikunywa."

"Weye ndiye uliandika ripoti."

"Anaclet, yule mutu alishakufa. Karatasi itamufanya nini? Mutoto wangu anagombea udepute bungeni. Sitaki kitabu kitoke, na mutu fulani aamuke Walungu kule, kwao Josué, aanze makelele. Lala nayo, ndugu yangu. Elodie atarudi kesho." Kisha akaongeza polepole, "Uko muzee. Kitabu cha pili hakitakuwa."

Hakulala. Si kwamba alikuwa na shaka juu ya ile siku. Aliiona kama ukuta ulio mbele yake. Ndege ilikuwa moja tu iliyoweza kuruka. Mafuta mazuri ya kikosi yalikuwa yameuzwa mjini, na mapipa yaliyobaki yalikuwa na maji. Kile kiti chenye baruti, kinachomrusha rubani nje ndege ikiharibika, kilikuwa zamani kimelishwa kwa ndege nyingine, kikarudi bila baruti yake. Josué alisimama chini ya bawa akasema, "Mon commandant, hii ni jeneza na mabawa." Constantin akajibu, "Wakubwa wako kwenye tribini. Panda, ao nimupandishe mwenzako." Mwenzake alikuwa Anaclet. Josué akamtazama Anaclet, akacheka kidogo, akapanda. Injini ilizimika kabla ya jukwaa, ndege ikaanguka, na wakubwa walipiga makofi wakidhani moshi ni sehemu ya sherehe.

Anaclet aliyasema hayo yote wiki ile ile, mbele ya wachunguzi, amesimama wima. Walimshukuru. Mwezi haukuisha akapelekwa kulinda ghala la mapipa matupu, na hakuruka tena maisha yake yote.

Jumapili baada ya misa alikuja Madeleine, dada yake Josué, kutoka Walungu. Alikuja na ndizi na maharage, akaweka sufuria jikoni kama mtu wa nyumba, kwa sababu tangu Lucie afariki alimhurumia Anaclet, aliyemwita shemeji kwa urafiki wake na Josué. Lakini leo alikuwa na haraka ya swali lake.

"Basi, shemeji, kitabu kinasema nini juu ya kaka yangu?"

Anaclet alijua kwa nini anauliza. Mjukuu wa Madeleine alikuwa tayari anatembea, na bado aliitwa Bébé. Nyumba yote ilitaka aitwe Zagabe, jina la Josué. Lakini katika ukoo wao jina la mtu aliyekufa kwa upumbavu wake mwenyewe halikuwekwa juu ya mtoto, lisije likampeleka mtoto njia ile ile. Ripoti ya jeshi ilisomwa zamani mbele ya wazee wote, na mjomba Ezéchiel, mkubwa wa ukoo, aliikunja akaiweka ndani ya Biblia. Kila alipoombwa alijibu neno moja: kilichoandikwa kinafutwa na kilichoandikwa. Ubatizo ulipangwa Jumapili ya kwanza baada ya kitabu kutoka. Ezéchiel alikuwa amekubali kungoja kitabu, zaidi ya hapo hapana. Kikirudia ripoti, mtoto angepewa jina la upande mwingine, na Zagabe angekwisha duniani.

Anaclet alimwambia kila kitu: karatasi, ukurasa mzima, safari ya Bukavu, kiti cha ubunge.

Madeleine alikaa kwenye kile kiti cha Lucie bila kuulizwa. "Kwa hiyo atalewa mara ya pili."

"Sitaweka sinyatire."

"Halafu? Watachapa bila weye, na Josué atalewa tu."

"Nitamwandikia Ezéchiel mimi mwenyewe. Nilikuwa pale. Nilisikia."

Madeleine alicheka, na kicheko chake kilikuwa kibaya. "Shemeji, usikasirike. Ezéchiel ataniuliza, huyu Anaclet ni nani? Nitasema, rubani, mwenzake Josué. Atafungua kitabu cha Kinshasa, ataangalia kwanza mpaka mwisho, hatakuona. Atasema: huyu si ni ule Papa Avion wa Kasha, muzee wa makelele? Unaona? Ukitaka bakusikilize, sharti uwe ndani ya kitabu. Na ukitaka kuwa ndani ya kitabu, sharti umutukane kaka yangu."

Anaclet aliinuka. Alisimama mlangoni akitazama chini, ambako ziwa lilionekana kati ya mabati mawili, rangi ya chuma. Alikuwa na hasira na Constantin, ndiyo, lakini hasira hiyo ilikuwa ya zamani na imeshakuwa kama goti linalouma wakati wa mvua. Hasira mpya ilikuwa kwa Madeleine, kwa sababu alisema kweli, na aliisema katika kiti cha Lucie.

"Kama ningeweka sinyatire," aliuliza bila kugeuka, "ungenipikia tena?"

"Ningekupikia," Madeleine alisema. "Ila nisingekula na weye."

Elodie alifika wakati bugali linaiva. Alisalimia, akamwona mgeni, akataka kurudi nje.

"Ingia, binti yangu. Huyu ni Maman Madeleine, dada ya yule mulevi wenu."

Msichana aliinamisha kichwa. Anaclet alimpa karatasi, safi, bila hata alama ya kidole.

"Mwambie mjomba wako sikuona kalamu."

"Papa..." Elodie aliikunja karatasi. "Alisema kama hakuna sinyatire, ataondoa jina yako pahali pote. Hata kwenye liste ya mapilote. Atasema haukukuwako."

"Aondoe."

"Na ile safari ya Bukavu? Ni yako! Mie mwenyewe najua sasa ni yako."

"Mwachie. Mwenye njaa ale."

Alimtazama msichana akishuka njia ya udongo na mfuko wake mpaka akatoweka. Hakuwa ameitoa safari hiyo kwa moyo mweupe. Aliitoa kama mtu anayeng'olewa jino na fundi wa baiskeli. Alifikiri juu ya mama yake amesimama sokoni peke yake, na ya kwamba kuanzia sasa, kwa mtu atakayesoma, mama yule alikuwa akimpungia mkono Constantin.

Kisha akasimama katikati ya chumba, mdomo wazi.

"Nini?" Madeleine aliuliza.

"Alisema ataniondoa pahali pote."

"Nimesikia."

"Hata kwenye orodha." Alikuwa anatafuta kalamu. "Unafikiri Ezéchiel anawakumbuka marubani? Alikuja siku tulipovishwa mabawa ya urubani. Alikaa mstari wa mbele na kofia yake. Aliniona."

"Alikuona, ingawa amesahau. Alikula hata mbuzi yenu."

"Basi."

Shule ya jioni ya Bagira, aliyosoma baada ya jeshi, ilimfundisha kuandika barua ikianza na mahali na tarehe, na mstari usiopanda wala kushuka. Aliandika hivyo. Hakuweka cheo chake. Alieleza maji ndani ya mafuta, kiti kisicho na baruti, maneno ya chini ya bawa, yote kwa mpangilio kama yalivyokuwa. Madeleine alimega bugali bila kula, akingoja. Mwishoni Anaclet alimsomea:

"Mzee Ezéchiel, kitabu cha Kinshasa kitakapokufikia, utasoma kwamba Josué alikunywa. Kabla hujaamini, tafuta jina langu humo. Siku ya mabawa ulituona tukisimama pamoja, mimi na yeye, bega kwa bega. Hutanikuta. Niliambiwa nichague kati ya kuandikwa na kumtukana, na wewe una macho, utaona nilichochagua. Kama ningesema uongo ili nipate faida, faida ingekuwa mle ndani, na jina langu juu yake. Mimi sina kingine cha kukupa. Mpe mtoto jina lake."

Madeleine alijifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Na akisema hapana?"

"Atakuwa amesema hapana akijua."

"Weye ni mutu wa kiburi, shemeji."

"Ndiyo."

Unyevu ulikuwa umeua gundi ya bahasha. Anaclet alichukua bugali kidogo ukingoni mwa sahani, akalisugua kati ya vidole mpaka likawa laini, akapaka, akabandika, akaikandamiza kwa kiganja mpaka ikashika. Madeleine aliitia ndani ya kitenge, kifuani, akafunga fundo. Nje mtu wa pikipiki alikuwa anapiga honi, gari la Walungu linajaa kituoni. Hakuaga vizuri. Alipanda nyuma ya pikipiki, akashika fundo kwa mkono mmoja, na barua ikaondoka.